Kibuyu chenye Mfuniko wa Ngozi

Siku Wahindi wanapokuja Nyalikungu kuwasha taa katika hekalu lao la zamani, mtaa mzima hujua, kwa sababu siku hiyo Januarius mlinzi huvaa viatu. Mwaka huu Nyanjige alimwona navyo tangu asubuhi.

Hekalu lilijengwa na wenye kinu cha pamba, zamani za mababu. Kinu kilikufa, wenyewe wakahamia Mwanza, likabaki jengo jeupe limejaa popo. Mama mkwe wa Nyanjige, aliyezika watoto watatu mfululizo, aliweka ahadi pale: akipata mtoto akaishi, kila mwaka taa moja itawaka kwa samli ya nyumba yake. Mtoto aliishi, akaja kumwoa Nyanjige. Samli ikapelekwa kila mwaka, mpaka bibi akafariki. Nyanjige, Mkatoliki wa kubatizwa, akaacha. Katika miaka miwili aliyoacha, binti yake Minza aliharibikiwa mimba mbili. Sasa alikuwa na ya tatu, ya miezi saba, amelala kwa ubavu nyumbani, anaogopa hata kupiga chafya.

Ndiyo maana Nyanjige alikuwa njiani, kibuyu kwapani.

"Mama Minza!" Ilikuwa sauti ya Monika, jirani yake wa jumuiya, kutoka kwenye kamba ya nguo. "Unawapelekea samli sanamu? Jumapili usinikalie benchi langu!"

"Benchi ulilichonga wewe? Na yule mganga wa Mwandoya, ulimpelekea kuku wa rangi gani vile?"

Monika alisonya, akaingia ndani. Nyanjige aliongeza mwendo, lakini neno lilikuwa limeshamchoma. Kila aliyemtazama barabarani alimwona adui.

Getini Januarius aliweka mguu mbele yake. "Wewe umealikwa na nani?"

"Mwangaluka, Januarius. Ukivaa viatu hata salamu inakushinda?"

"Vua ndala. Usiguse kitu."

Ndani ya ua kulikuwa na watu waliokuja na minibasi. Vijana walikuwa wakipiga picha. Wazee waligusa kizingiti, kisha wakajigusa paji la uso. Mzee mmoja wa Kihindi mwenye miwani alimjia.

"Mama, umebeba nini?"

"Samli ya taa. Mama mkwe wangu aliileta kila mwaka. Waulize wazee wenu."

Mzee alinyoosha mikono kupokea, halafu akairudisha kama aliyegusa kaa la moto. "Hii ni ngozi?"

Kibuyu kilikuwa na mfuniko wa ngozi ya ndama na mkanda wa ngozi, kama vibuyu vya samli vya Usukumani. Mama mkwe alikuwa akiimimina samli kwenye bakuli la shaba nje ya geti, kibuyu kikabaki huko huko. Hilo Nyanjige hakuambiwa, na hakuwahi kufuatana naye.

"Ngozi ya ng'ombe? Humu? Toa nje!"

"Huyo ndama alikufa mwenyewe," alijitetea Nyanjige. "Hatukumchinja."

"Mama, usinieleze! Sasa itabidi tuoshe sakafu."

"Kuosha? Kwani mimi ni mavi?"

Watu waligeuka. Januarius akamkamata kiwiko. Hapo ndipo Nyanjige alipoona ndoo anayoijua.

Kwenye ngazi, kando ya taa za udongo, mwanamke mwenye sari ya kijani alikuwa akichota samli kutoka ndoo ndogo ya rangi. Mshikio wa ndoo, uliovunjika, ulikuwa umefungwa kwa utepe mwekundu wa kanga. Fundo lile Nyanjige alilifunga kwa mkono wake wiki tatu zilizopita, kabla Luhaga mchuuzi wa samli hajaibeba ndoo, imejaa samli aliyomuuzia, kutoka uani kwake. Na maziwa ya samli hiyo yalisukwa katika kibuyu hiki hiki, chini ya ngozi hii hii.

Maneno yalimjaa mdomoni. Na hiyo je, mzee? Alitamani kuiona ile miwani ikiteleza puani.

Mwanamke wa sari aliinama na kiberiti. Utambi wa kwanza ukashika.

Nyanjige akaona yatakayofuata: akisema, watazizima taa, watamwaga ndoo, wataosha ngazi. Akamkumbuka Minza na ule ubavu wake. Akameza maneno yote, machungu kama shubiri.

"Niache," alimwambia Januarius. "Nina miguu."

Getini alivaa ndala polepole, macho kwenye ngazi. Taa ya pili ikawaka, ya tatu, ya nne. Moto ukatulia.

"Unatazama nini tena?" Januarius alifoka.

"Taa."

"Zinakuhusu nini? Si zako."

Nyanjige alikaza mkanda wa kibuyu. "Haya, si zangu," alisema. "Basi zikinge na upepo, mwenye viatu. Ikizimika hata moja, nitarudi nikuulize wewe."