Foleni ya Mwalimu Marlys

Marlys Heikkinen alianza kufundisha chekechea ya Tamarack, kaskazini mwa Michigan, wakati wazazi wa watoto wake wa sasa bado wakijikojolea darasani. Herufi, husema, mtoto atazijua tu. Kazi ni foleni. Darasa lake likienda kula, kila mtoto hufunga mikono nyuma, hujaza hewa mashavuni na kuishikilia, maana mwenye hewa mdomoni hasemi. Anayeiachia hurudishwa mwisho.

Kiwanda cha mbao kilimpenda. Msimamizi wa kiwanda alikuwa akisema vijana wa Marlys huja wakiwa wameshajua nusu ya kazi, yaani kunyamaza. Marlys aliipokea hiyo kama sifa.

Machi iliyopita bodi ya elimu ilitaka kuifunga shule na kuwapeleka watoto mji wa jirani kwa basi. Marlys angepoteza darasa lake, ila hakuwa na wasiwasi. Siku ya mkutano ukumbi ulijaa watu aliowalea, na Arvo Kemppainen, mkata magogo asiyejua kunong'ona, alikuwa ameahidi kuwapasha wajumbe.

Mwenyekiti Dale Vuorela, naye mwanafunzi wake wa zamani, aliwaomba wenye maoni wapange foleni. Wakapanga, mikono nyuma. Marlys aliitazama kwa fahari. Dale akasoma kanuni, akasoma ripoti, akasoma marekebisho ya ripoti. Muda wa maoni ukawa unayoyoma.

"We Dale, utatusomea mpaka theluji iyeyuke?" Arvo alifoka kutoka nyuma. "Tumekuja kusema sisi, hatukuja kusomewa."

Watu wakacheka. Mwanamke mmoja akadakia kwamba Arvo aachwe aseme. Viti vikasukumwa, foleni ikaanza kumeguka, na wajumbe wawili wakainamiana kunong'onezana. Dale akapoteza mstari aliokuwa akisoma.

Marlys akasimama. Akainua vidole viwili juu, kama darasani, akajaza hewa mashavuni.

Ukumbi mzima ukanyamaza. Foleni ikanyooka. Arvo, mwenye ndevu za kufika kifuani, alikuwa amevimba mashavu kama wenzake. Dale akamshukuru Mwalimu, akatangaza kwamba muda wa maoni umekwisha, na wajumbe wakanyoosha mikono kwa utaratibu mzuri. Ikaamuliwa: shule ifungwe mwisho wa mwaka wa masomo.

Nje, Arvo alimsubiri kando ya gari lake.

"Mwalimu, si nilikuwa nakutetea wewe?"

"Najua, Arvo." Alikuwa akitafuta funguo mkobani. "Lakini haikuwa zamu yako."