Lori Lililolala na Maji

Mwaka ule wa ukame, vumbi la Kitengela lilikuwa zito hata ukipiga chafya unatoa tofali. Naongeza chumvi, lakini si nyingi. Mke wangu alikuwa akifagia sebule asubuhi, na ikifika saa nne unaweza kupanda viazi kwenye kochi.

Nyuma ya nyumba niko na kibanda cha mabati, na ndani yake mna mashine ya kukereza chuma, lethi kama tunavyoiita, kuukuu kuliko mimi. Nilijifunza kuitumia ukubwani, kwenye masomo ya jioni, nikiwa na ndevu na mtoto wa sekondari, katikati ya vijana walioniita guka, yaani babu. Siku niliyopewa cheti nilishangilia hadi mbuzi wa jirani wakakata kamba. Tangu hapo, kila kitu kinachoweza kuzungushwa nimekizungusha. Lethi ikianza, balbu za mtaa mzima zinafifia, na mke wangu hudai sufuria zake zinacheza mpaka Athi River.

Kazi yangu ya Jumamosi ilikuwa lori la baba. Baba alitoka Ukambani akiwa kijana na akawa dereva wa mifugo: ng'ombe wa soko la Bisil hadi kichinjioni, miaka na miaka. Lori lake lilikuwa la zamani, lile lenye pua ndefu kama ya mtu mwenye maswali mengi. Macho yalipoanza kumchezea alilipaki kando ya kibanda changu na kulifunika turubai. Mimi nikaanza kulifufua polepole. Spea zake hazipo duniani. Niliwahi kubeba bushi moja iliyolika nikazunguka nayo maduka ya Nairobi, na muuzaji mmoja akaigeuzageuza kiganjani akasema, "Boss, hii si spea. Hii ni historia." Basi kila kilicholika nilikikereza upya mwenyewe. Sikuwa na haraka. Nililila lori lile kama mtu anayekula ugali kwa sindano.

Haraka ilikuja kwa simu, kutoka Bisil.

Aliyepiga alikuwa mzee mmoja Mmaasai, rafiki wa baba tangu ujana. Hawakuitana majina. Waliitana Pakiteng, kwa sababu kwa Wamaasai mkishapeana ng'ombe, jina lako linawekwa pembeni na yule ng'ombe ndiye anakuwa jina lenu nyote wawili, hadi kaburini. Zamani ugonjwa ulimaliza boma la mzee huyo, na baba akampelekea mtamba mmoja mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Karibu nusu ya ng'ombe wa boma lile walitoka katika tumbo la yule mtamba.

"Pakiteng, sopa," sauti ilisema. Baba huweka simu kwa spika, na hata hivyo hupiga kelele kana kwamba anaita mtu ng'ambo ya mto.

"Ipa!" baba akaitikia. "Habari ya huko?"

"Hapa nyasi imeisha. Shemeji yangu wa Kimana ako na mabua ya mahindi na maji ya mfereji. Amesema nilete ng'ombe. Lakini hawawezi kutembea mpaka huko. Lori yako bado iko?"

Baba hakunitazama hata kidogo. "Iko," akasema.

Ilikuwako, ndiyo. Hata Mlima Kilimanjaro uko, lakini hujasikia umempeleka mtu sokoni.

Malori mengine yalikuwa yamekodiwa na wenye mifugo mingi, na yaliyobaki hayakutaka ng'ombe dhaifu. Kuna kanuni ambayo kila dereva wa mifugo anaijua: ng'ombe asiyeweza kusimama hapandi lori. Akilala humo ndani, wenzake watamkanyaga hadi afe kabla hamjavuka daraja la kwanza. Kwa hiyo, kila asubuhi wakati wa ukame, watu wa boma huzunguka wakiwainua walioshindwa, mmoja ameshika pembe, mwingine mkia, wengine mabega chini ya mbavu. Akiinuliwa leo, kesho huenda akainuka tena. Ipo siku haendi juu. Sisi tulikuwa tukishindana na siku hiyo.

Tuliwasha injini jioni ileile. Ilikohoa, ikatema moshi mweusi wa kutosha kuivisha misiba yote ya Kajiado, kisha ikanguruma. Baba alipiga kofi moja. Kabla hajapiga la pili, maji yakaanza kumwagika chini ya feni kama bomba limepasuka.

Niliifungua pampu ya maji. Shafti yake ilikuwa imeliwa ikabaki nyembamba kama mfupa wa kuku, na kile kipanga cha ndani kinachosukuma maji kilikuwa kimebaki vipande. Niliviweka mbele ya baba.

"Hii imeliwa na nini?" akauliza.

"Maji, baba. Ulipolipaki, ulitoa maji?"

"Kutoa?" Alinitazama kana kwamba nimemwambia alitukane kanisa. "Nilijaza mpaka juu. Kila wakati nikienda kulala nilijaza. Mnyama halazwi na kiu."

"Maji ya wapi?"

Nyumbani kwetu maji ni ya kisima cha kuchimbwa, na ni ya chumvi hata birika linaota ngozi nyeupe ndani. Kila mtu Kitengela anajua maji hayo hayafai kukaa kwenye chuma. Baba pia alijua. Lakini maisha yake yote alikuwa akinywesha ng'ombe kabla ya safari na baada ya safari, na lori akaliweka kwenye hesabu hiyohiyo. Lilikaa limeshiba chumvi miaka yote ile chini ya turubai.

"Tengeneza," akasema. "Si umesoma?"

Nikanunua kipande cha ekseli ya lori bovu kwa watu wa skrapu, chuma kigumu kama moyo wa mwenye nyumba za kupanga, na kigogo cha shaba kwa ajili ya kipanga. Nikaanza. Shafti ya pampu haisamehe. Ikizidi unene wa unywele haiingii. Ikipungua unywele, inavuja. Na chuma kikiwa na moto kinadanganya: hutanuka, ukikipima hapo hapo utakata kupita kiasi. Lazima usubiri kipoe, upime, ukwangue kidogo, usubiri tena.

Kusubiri huko ndiko kulimmaliza baba. Kila asubuhi simu ilikuwa imeshalia.

"Pakiteng, leo tumeinua wengi."

"Wameinuka?"

"Wengine."

Kisha baba anakuja kibandani na kusimama mgongoni mwangu. "Bado?"

"Inapoa."

"Si ipoe barabarani!"

"Baba, tukifika Isinya na ikavuja, tutainuliwa sisi kwa mkia."

Hakucheka. Mimi ndiye mtu wa mzaha kwetu, na hata kwenye mazishi huwa nawekwa mbali na jamaa wa karibu ili nisiwaharibie kilio. Lakini baba alivua kofia yake, akainama juu ya mashine na kuanza kuipepea ile shafti, polepole, kama mtu anayepepea mgonjwa.

Halafu stima ikapotea. Si mtaa wetu tu. Upande wote ulizima. Shafti ilikuwa imebakisha mkato wa mwisho. Nikachukua tupa na kuanza kuchonga kipanga cha shaba kwa mkono, kwa sababu tupa haijui stima, na baba akakishikilia kwenye jiriwa, kile kibanio cha mezani, kana kwamba kitatoroka. Mapanga yake niliyachonga moja moja. Mke wangu alileta chai ikapoa, akaleta nyingine. Alisimama mlangoni akamwangalia baba.

"Baba, kula kitu."

"Huko Bisil wanakula nini?"

Stima ilirudi siku iliyofuata jua likiwa limeshapanda. Nikakata mkato wa mwisho, tukapepea, nikapima. Nataka kusema jambo moja bila chumvi yoyote, na mke wangu ni shahidi kwamba hilo ni nadra: sijawahi kukereza kitu kizuri kama kile. Shafti iliingia kwenye nyumba yake kwa kidole gumba, ikanyonya kidogo, ikatulia. Tulifunga pampu, tukajaza maji baridi yaliyochujwa, yale ya kuuzwa kwa mtungi, tukabeba na mtungi mwingine wa akiba, maana injini ile ilikuwa na kiu ya ukoo. Alfajiri tukaondoka. Niliendesha mimi, baba alikaa kando na sikio lake karibu na dirisha, akisikiliza.

Baada ya Kajiado mizoga ilianza, huku na huku kando ya barabara, ngozi zimelegea juu ya mbavu kama mahema yaliyoanguka. Tai walikuwa wamenona hadi wanatembea kwa miguu kama wazee wa kanisa wanaotoka kwenye karamu. Nilimwambia baba hivyo. Akasema, "Angalia barabara."

Tulikata kona kutoka lami kabla ya Bisil. Bomani hakuna mbwa aliyebweka. Watu walikuwa wamesimama pamoja katikati ya ua, mzee, wake zake na wanawe, wamembana ng'ombe mmoja mwekundu mwenye baka jeupe usoni. Nyuma yao wengine wachache walisimama vichwa chini. Wengine, wengi, walikuwa wamelala.

"Pakiteng," mzee alisema bila kusogea. "Umekuja."

"Nimekuja. Nimechelewa."

"Umekuja."

Baba alikwenda moja kwa moja kwa yule mwekundu, akaweka kiganja kwenye baka. Hapo ndipo nilipoona. Kamba ilipita chini ya tumbo lake, na wanaume wawili walikuwa wameishika huku wamejikaza hadi shingo zimetoka mishipa. Wanawake walikuwa na mabega chini ya mbavu. Mzee mwenyewe alishika mkia kwa mikono yote miwili. Kwato ziligusa ardhi, basi, hazikubeba kitu.

"Tangu lini?" baba akauliza.

"Jana asubuhi. Jana alikataa. Sasa tumesikia lori huko barabarani, nikawaambia, mwinueni. Huyu ni mjukuu wa ile yako. Sikutaka umkute chini."

Jana asubuhi. Wakati ule baba alikuwa ameshika kofia, na mimi nilikuwa nangoja chuma kipoe.

"Mlazeni," baba akasema. "Mlazeni pole pole, Pakiteng. Nimemwona."

Wakamshusha, wakamkunja miguu vizuri. Mzee alikaa chini kando yake na hakuinuka.

Tulipakia waliosimama. Lori ambalo baba alikuwa akilijaza hadi mikia inachungulia nje, siku hiyo ungeweza kufanya harusi ndani na kwaya ikapata nafasi. Tulifunga miti katikati ili wasiyumbe. Mwana mmoja wa mzee akapanda nao nyuma. Nilipokuwa nafunga mlango nilimwona baba akiushusha ule mtungi wa akiba. Nilifungua mdomo nimwambie kwamba hadi Kimana, kwa kuzunguka Emali, ni mbali, na injini ikichemka hatuna kingine. Nikaufunga. Alimimina maji kwenye beseni, akapiga magoti, akaliweka chini ya mdomo wa yule ng'ombe na kumshikilia kichwa. Alikunywa kidogo. Mengine yalimwagika yakanywewa na vumbi.

"Twende," baba alisema. Mzee aliinua mkono bila kuangalia. Alisema atabaki na ng'ombe wake walio chini.

Tulirudi kupitia Kitengela, tukashika barabara ya Mombasa, tukakata Emali. Nilisimama mara kwa mara kukagua pampu. Niliweka kiganja chini yake, na kiganja kilirudi kikavu kila mara, mlima na bonde, jua la mchana na lori lenye umri wa babu. Haikudondosha hata tone. Hatukuhitaji mtungi ule.

Tulishusha ng'ombe kwenye mabua ya Kimana, wakaanza kutafuna bila kuinua vichwa. Baba hakungoja kuwaangalia.

Tuliporudi nyumbani nilizima injini na kuanza kuvuta turubai. Baba alinizuia. Aliingia chini ya pua ya lori kwa mgongo wake wa kizee, akatafuta koki ya radieta kwa vidole, akaifungua. Maji ya moto yakaanza kutoka. Akajitoa, akakaa kwenye bampa, mikono juu ya magoti. Nilimletea kiti akakikataa. Alikaa pale akisikiliza mpaka mkondo ukawa matone, na matone yakakatika.

"Lilale na kiu," akasema, kisha akaniomba nimshike mkono ainuke.