Mtoto Aliyesubiri Jina

Mama alipofariki aliniachia wadogo watatu, na wa mwisho alikuwa bado hana jina. Baba alikuwa ametangulia wakati mimba ikiwa changa. Baada ya mazishi sikurudi shuleni, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Kijijini kwetu Izimbya mtoto hupewa jina na upande wa baba. Baba asipokuwepo, jina hutolewa na ndugu yake wa kiume. Na katika kigango chetu, kanisa dogo la kijijini, ilikuwa imezoeleka kwamba mtoto hapelekwi kubatizwa kabla hajapata jina la ukoo, maana jina hilo na la ubatizo yalitajwa pamoja. Katekista aliniambia bila ukali, "Msubirini baba yenu mdogo. Nikimpeleka mtoto kwa padri bila yeye, atasema tumemzika ndugu yake mara ya pili."

Baba mdogo alikuwa amehamia kijiji cha ujamaa upande wa Muleba, mbele ya Nshamba, kwenye rweya, ile nyika ambayo wazee wetu walichungia ng'ombe tu, wasipande mgomba. Walikuwa wakijenga nyumba kwa mstari na kulima shamba la pamoja, na mtu hakuondoka bila ruhusa ya mwenyekiti. Nilimpelekea habari kwa mchuuzi mmoja wa baiskeli. Jibu lilikuja kwamba atafika wakimaliza kupalilia. Nikatuma tena. Jibu likawa lile lile.

Tukasubiri. Maziwa ya ng'ombe aliyonipa jirani niliyapunguza makali kwa maji ya moto, nikamnywesha mtoto kwa kijiko. Mwanzoni alimeza vizuri. Halafu akaanza kuharisha, na kila kilichoingia kikatoka. Zahanati walinipa dawa, wakasema anachohitaji ni kunyonya. Nikazunguka kwa wanawake waliokuwa na watoto wachanga. Mmoja alimnyonyesha kwa siku chache, mpaka mama mkwe wake alipomkataza.

Nilisali. Watu wakisimulia sala zao husimulia zilizojibiwa. Hii yangu haikujibiwa. Nilisali nikipalilia kibanja, shamba letu la migomba, nikimenya ndizi, nikimwosha mtoto ambaye kila siku alikuwa mwepesi zaidi mkononi. Nilimwambia Mungu kama ana haja ya mtu wa nyumba hii anichukue mimi, kisha nikakumbuka wale wawili wengine, nikamwomba asinisikie. Sikujua tena nisali nini.

Siku moja alasiri, mvua ikipiga, mtoto aliacha kulia. Midomo ilikuwa mikavu na macho yalikuwa yamezama. Njia ya parokiani ilikuwa imejaa maji. Nikamwambia mdogo wangu wa kike, anayenifuata, alete maji safi kwenye kata.

"Ya kunywa?"

"Ya kumbatiza."

Alisimama pale pale. "Dada, wewe siyo padri."

"Tulifundishwa. Mtu akiwa hatarini, Mkristo yeyote anaweza."

"Tulifundishwa pia kufunga mikono wakati wa sala, na wewe ulikuwa unasinzia." Alisema hivyo huku machozi yakimtoka. "Na jina? Baba mdogo akija atasema tumemwibia mtoto."

"Aje amchukue basi."

"Atatuchukua na sisi. Atatugawa."

Hilo nililijua. Baba mdogo alikuwa ameshatuma neno wakati wa msiba kwamba watoto peke yao hawawezi kukaa na kibanja. Nikimvunjia heshima, sababu angekuwa nayo. Nikamtazama mtoto. Hakuwa na muda wa kungoja tumalize kuogopa.

"Lete maji," nikasema.

Akaleta. Nikammwagia kichwani, nikasema maneno kwa Kihaya, maana ndivyo nilivyoyajifunza, na nilipofika mahali pa jina nikampa la baba yetu. Maji yalipomgusa alikunja uso kama mtu aliyesumbuliwa usingizini. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango, akauliza, "Sasa atapona?"

Nilimwambia sijui. Alifariki kesho yake asubuhi, mikononi mwangu, mvua ikiwa imekatika.

Baba mdogo alifika mchana, juu ya lori la ndizi, matope mpaka magotini. Ruhusa alikuwa ameipata. Alikuwa amekuja kutoa jina. Katekista akamweleza yaliyotokea, nami nikapiga magoti kumsalimia, nikabaki hapo chini nikisubiri.

"Ulimpa jina gani?"

Nikamtajia.

Alikwangua tope gotini kwa kidole. Kisha akasema, "Ndilo nililokuja nalo." Akaomba jembe. Alichimba mwenyewe, kando ya mama, hakukubali kupokewa.

Sijui kama alisema kweli au alinihurumia. Sikumwuliza, na yeye sasa amekufa. Jioni, kabla ya kuondoka, alizunguka kibanja, akatikisa migomba miwili mitatu, akaniambia niongeze majani kwenye mashina. Habari ya kutugawa hakuitaja.

Padri alipokuja kigangoni, nilimfuata. Akaniuliza nilitumia maji gani, nilisema maneno gani. Nikamrudia yote. "Ulibatiza sawasawa," akasema. "Neema aliyoipata ni ile ile ambayo angeipata kwangu. Hakuna la kuongeza."

"Mbona hakupona, padri?"

Alikuwa mtu wa maneno mengi. Siku hiyo aliinamisha kichwa. "Sijui, mwanangu."

Nilishukuru kwamba hakunidanganya, lakini nilirudi nyumbani nikiwa sina kitu. Jumapili iliyofuata niliwapeleka wadogo zangu misani. Wimbo ulipoanza, mdomo wangu ulikataa kufunguka. Wao waliimba. Nilisimama katikati yao, nimewashika mikono, mpaka watu wote walipokaa.