Tambi za Yinlan Hazinyunyiziwi Maji

Qiao Yinlan alikuwa na miaka sitini na tatu, na hamsini kati ya hiyo ilimpita uani kwake, mikono imejaa unga, akianika tambi. Tambi za kijiji chao hazikatwi kwa kisu. Donge la unga huvutwa na kuvutwa tena mpaka uzi uwe mrefu kumshinda mvutaji, kisha hutundikwa juani kwenye vijiti. Ni tambi za siku ya kuzaliwa, huliwa ili mtu aishi miaka mingi. Sasa nani anataka miaka mingi yenye madoa?

Madoa hayo ya masizi kwenye tambi yaliletwa na kiwanda cha kuoka makaa ya mawe, ng'ambo ya barabara. Mumewe alifanya kazi humo mpaka kifua kikamuua. Nusu ya kijiji bado ilikula kwa mshahara wa humo, kwa hiyo watu walikohoa na kunyamaza. Yinlan alikohoa na kusema. Kila alipoandika barua wilayani alijibiwa kwamba mashine ya kupimia hewa, iliyo juu ya paa la shule, inaonyesha hewa ni safi. Itakosaje kuonyesha hivyo? Kila asubuhi lori la maji liliegeshwa pale chini likiirushia mashine ukungu wa maji ili masizi yasiifikie, mpaka paa likaota ukoga.

Siku moja sheria ikaja kweli, ila ikakosea mlango. Watu wa afya walibandika karatasi langoni kwa Yinlan: tambi zina masizi, baada ya siku kumi ua utafungwa. Ile dohani ya kiwanda, inayotoa moshi wenyewe, waliipita kwenda na kurudi bila kuinua shingo. Hasira ilimpanda, akavuta unga kwa nguvu mno mpaka tambi zikakatika.

Siku ya saba ikasikika kwamba wakaguzi wa mkoa wako njiani. Kiwanda kikapunguza moto, moshi ukakata. Hou, katibu wa kijiji, aliyekuzwa kwa tambi hizo hizo, akaja kumwomba azianue.

"Shangazi, siku moja tu. Wageni watapita hapa."

"Wapite. Njia si yangu."

"Utatuponza. Watu watakula wapi?"

"Mume wangu alikula humo miaka ishirini, Hou. Nenda kaburini kamwulize kama alishiba." Akaendelea kuvuta unga. "Kama zinakutia aibu, lete lori lako uzinyunyizie, kama mnavyoifanyia ile mashine."

Hou akaziacha zilipo, akaondoka. Tambi zikilowa huanguka zote chini, na hilo alilijua tangu utotoni.

Siku ya nane wakaguzi walifika, wakakuta vijiti viwili kando ya barabara: kimoja cha tambi za wiki iliyopita, za kijivu, kingine cha tambi za jana, moshi ulipokuwa umekata, nyeupe kabisa. Mkaguzi mmoja, mama aliyeitwa Ren, alipitisha kidole, akakitazama, akaitazama dohani, akauliza tarehe zilipoanikwa. Aliandika, akaondoka bila kuahidi kitu. Yinlan hakumwomba ahadi, maana barua za wilayani zilishajaa kabatini.

Kesho yake dohani ikafuka kama kawaida.

Siku ya kumi watu wa afya walifika na kufuli. Ua ulikuwa umejaa tambi, na karatasi yao haikuwepo langoni. Yinlan alikuwa ameikata vipande vyembamba, akafungia kila kimoja kwenye shada la tambi chafu, akaandika tarehe na saa ya moshi.

"Hii ndiyo mashine yangu, chukueni mkasome," aliwaambia. "Na kufuli lenu lifungeni. Kesho naanika barabarani."