Siku Chakula Ilikataa Kuvuka Barabara

Nyieka wangu hasikii na sikio ya kushoto. Nyieka ni mke mwenza, kwa wale hawajui. Yeye ndiye mikayi, yaani aliolewa kwanza, na mimi nikakuja nyuma yake kutoka upande wa Migori nikiwa msichana wa kucheka ovyo. Mzee wetu alituacha zamani. Tulibaki wawili kwa boma moja, nyumba mbili, jiko moja, na ugomvi kidogo kila asubuhi ya kupasha mwili joto.

Hiyo sikio nimeanza nayo kwa sababu ndiyo ilileta maneno yote. Boma yetu iko juu ya barabara. Soko yetu ndogo iko ng'ambo, upande wa chini, na nyieka anauza omena, zile dagaa za ziwa, hapo tangu watoto wetu wakiwa wa kubebwa mgongoni. Kila asubuhi lazima avuke. Na pikapu za samaki zikitoka bichi, pale mashua zinatua, zinatokea upande ule ule wa kushoto, zinakimbiza barafu isiyeyuke kabla ya kufika Homa Bay mjini. Dereva wa samaki haoni mtu, anaona tu samaki ikinuka. Nyuma yake pikipiki, imebeba watu wawili na mbuzi katikati, na kwa hao watatu ni mbuzi peke yake imekaa vizuri.

Siku moja pikipiki ilipitia beseni yake. Haikumgusa yeye, ilichukua beseni tu, lakini alianguka. Nilitoka mbio leso ikabaki kwa ua, nikamkuta amekaa kwa vumbi, anaokota omena moja moja, anapuliza, anarudisha. Nikamuuliza kama ameumia. Akaniambia niache maswali niokote. Jioni ndiyo niliona mkono inamtetemeka akishika kikombe. Huyu mama hajawahi tetemeka mbele yangu, hata siku ya kuzika mzee. Hapo nikasema, mimi nakwenda ofisi.

Ofisi ya wadi iko na geti nzuri, na mbele ya geti kuna tuta. Tuta ya lami, imechorwa mistari ya njano, imeumuka vizuri kama andazi. Niliiangalia mpaka mlinzi akauliza kama nimepoteza kitu. Hapo hakuna mtoto anavuka, hakuna mama wa omena. Ni gari ya mkubwa inaingia na kutoka, na tuta inailinda na sijui nani. Kando yake mtaro umejaa maji ya kijani, nzi wanapigia humo kelele kama watu wa mnada, na mtu amekojoa ukutani na choo iko pale pale. Nikaziba pua na leso nikaingia.

Ofisa alikuwa kijana msafi, viatu imechongoka, anakula njugu na kuweka maganda kwa sahani ya chai. Nilimwomba tuta pale nyieka anavukia, akanisikiza macho ikiwa kwa simu. Akasema hiyo ni jambo ya mkutano, ile wanaita ya kushirikisha umma, nilete maoni yangu huko. Nikamuuliza, na haya nakuambia sasa ni nini kama si maoni. Akacheka vizuri sana. Nafikiri wanafundishwa kucheka, hawa, kabla ya kupewa kiti.

Basi tukaenda mkutano, mimi na wamama wa chama yetu ya matanga. Sisi ndio tunaweka sufuria kubwa na viti za plastiki, na mtu akifa hapa kijijini sisi ndio tunapika. Tulikaa mpaka matako ikafa ganzi. Wakubwa walisema juu ya stediamu. Walisema juu ya taa. Zamu yetu ilipofika jua limeshageuka, nikasimama nikaeleza sikio, beseni, pikapu, yote. Mmoja wao akajibu eti matuta inaharibu gari. Alisema hivyo na mdomo yake, mbele ya watu wazima. Gari. Halafu wakagawa soda na mkate, wakatupiga picha tukiinua chupa juu kama watu wamekubaliana kitu. Ile soda mpaka leo nikiikumbuka inanirudi kwa koo.

Mvua ikaja ikaenda, hakuna kitu. Tukachoka, tukatengeneza wenyewe. Sisi wamama wa matanga tunajua kubeba, kama ni kuni, kama ni maji, kama ni jeneza wanaume wakilewa. Tulibomoa kichuguu nyuma ya kanisa, ule udongo ukimwagiwa maji na kupigwa unakuwa kama saruji, tukachanganya na kokoto tukashindilia na mchi. Matuta mbili, moja kila upande wa pale nyieka anavukia. Wenye pikipiki walitutukana, wakachoka, wakazoea. Tena dereva akipunguza mwendo anaona omena, anasimama, ananunua. Nyieka akaanza kuvuka kama bibi arusi, pole pole, anaangalia huku na huku ili watu wamwone. Nilikuwa namcheka. Mkono pia iliacha kutetemeka.

Halafu mzee mmoja mkubwa akafa. Yeye mwenyewe hakuwa mkubwa, alikuwa mtu wa ng'ombe mbili na kikohozi. Mkubwa ni mtoto wake, yuko Nairobi na wenzake wa gari za vioo vyeusi. Na hapa kwetu barabara inatibiwa na maiti. Nimeishi nikaona: greda haiji kwa mgonjwa, haiji kwa mama mja mzito anayebebwa na toroli, inakuja kwa marehemu mwenye wageni wa maana. Ikakuja basi. Ikalainisha kutoka lami mpaka bichi, na ilipofika kwetu ikakwangua matuta yetu kama vile unakwangua ukoko.

Nilisimama mbele yake. Dereva wa greda akazima injini kwa heshima, alikuwa mtoto wa watu. Lakini kwa gari ya nyuma akashuka yule yule ofisa wa njugu. Akanieleza msafara unakuja, wageni hawawezi rushwa rushwa ndani ya gari, na hizo matuta injinia hakuzipitisha.

"Dani, hiyo kitu ilikuwa haramu," akaniambia.

Dani ni nyanya kwa Kijaluo. Ananiita nyanya, halafu anakwangua.

Nilitema mate, siwafichi. Na ile barabara mbaya, jamani, kumbe ilikuwa rafiki, maana mashimo nayo inapunguza mwendo. Sasa ikawa laini kama mgongo wa kambare, pikapu zinapita kama zimerushwa na mkono. Nyieka hakuenda soko. Alikaa kwa mlango na beseni kando, akisema mgongo inamuuma. Mgongo ilikuwa sawa. Mimi ndio namjua.

Siku ya mazishi ikafika. Mifereji ya maji safi iko kwetu, na boma ya marehemu, huko chini karibu na soko, ilikuwa imejaa tenti na magari, kwa hivyo tulipikia kwetu. Ng'ombe mzima, wali, ugali ya kutosha kijiji na wageni wake. Chakula ikiiva inabebwa inavuka. Na kwetu mikayi ndiye anatangulia. Kupanda ni yeye kwanza, kuvuna ni yeye kwanza, na siku kama hiyo, kwa vile katika wapishi yeye ndiye mikayi mzee kuliko wote, hakuna mama anampita na sufuria. Ni hivyo tu, haiulizwi.

Nyieka akajifunga kitambaa, akaweka sufuria ndogo ya mchuzi kwa kichwa, akashuka. Sisi nyuma yake na zile kubwa. Alipokanyaga barabara, gari moja ya msafara iliyokuwa imechelewa bichi ikinunua samaki ikatokea kushoto. Mimi niliisikia. Yeye hapana. Nilimvuta na gauni, nusu ya mchuzi ikanimwagikia, na upepo ya ile gari ikachukua kitambaa chake ikaenda nacho. Gari haikusimama. Ilikuwa inaharakisha kwenda kuomboleza.

Nyieka akarudi nyuma. Akatua sufuria chini, akakaa juu ya jiwe, kichwa wazi, mvi zote nje.

"Mimi sivuki," akasema.

Hakusema kwa hasira. Watu siku hizi wakihadithia wanasema tulipanga mgomo. Hatukupanga kitu. Mtu mzee aliogopa, akakaa. Lakini akikaa yeye, tumekaa wote. Tukatua sufuria hapo kando ya barabara, vifuniko juu, mvuke unatoka, na upepo ulikuwa unaelekea kwa tenti. Ile harufu ya nyama ikavuka bila sisi. Tukaona vichwa vinageuka, safu kwa safu, mhubiri akibaki na watoto na mjane.

Ofisa akakuja, viatu sasa ina vumbi. Akamwinamia nyieka akamwambia wageni wana njaa, mama. Nyieka alikuwa amemgeuzia sikio ya kushoto. Kama ni kwa kusudi au ni bahati sijui, sijamuuliza na sitamuuliza. Ofisa akasema basi vijana wabebe. Vijana wetu wakaanza kuangalia miti. Nani atachukua chakula chini ya mkono wa mikayi siku ya maiti, halafu alale vizuri? Akasema basi ataita polisi wasimamishe magari tuvuke.

Nikamwambia, "Leo polisi wako. Kesho asubuhi, huyu akishika beseni yake, hao polisi nitawaitia wapi?"

Akaanza ile ya ruhusa, ya injinia. Nikamwonyesha injinia na mwiko: yuko pale kwa tenti, mwenye kofia, amekaa karibu na maji ya kunawa mikono. Wamama wakacheka, hata nyieka nilimwona bega ikitikisika. Ofisa akavuka kwenda kuongea kwa masikio. Kule wakaongea, wakaangalia sufuria, wakaongea tena.

Greda ilikuwa imeegeshwa kanisani. Ikaamka. Ikakwangua udongo ule ule wetu iliokuwa imetupa kando, ikarudisha, ikakandamiza, tuta ya huku, tuta ya kule. Imeisha. Ugali ilikuwa bado moto. Hiyo ndiyo inanichafua roho mpaka leo. Wangekataa kwa sababu haiwezekani ningewasamehe, mimi nimezoea kitu haiwezekani. Lakini iliwezekana wakati wote. Ilikuwa inangoja tu njaa yao.

Nyieka akainuka, akagusa tuta na mguu kama mtu anapima maji, akaomba kitambaa, akafunga. Akatangulia.

Na wakala. Mungu wangu, wakala. Sijaona watu wanakula matanga hivyo. Mmoja ananyonya mfupa huku anaongea na simu, mafuta inashuka mpaka kwa saa. Mwingine anafuta mikono na kitambaa cha meza, kile tumekopa kanisani. Yule wa kusema matuta inaharibu gari alikuja kwangu mwenyewe kuomba kipande laini nimfungie kwa mfuko, apeleke nyumbani. Mifupa wakatupa karibu na kaburi, udongo bado mbichi, mbwa wakafuata. Halafu mheshimiwa wetu wa wadi, yule mwenye ile gari ya getini, akashika maikrofoni, akapiga mbweu kidogo, akatwambia amesikia kilio ya wamama na ametuletea matuta. Ametuletea. Na watu wakapiga makofi, mimi pia nikapiga.

Baadaye wakaleta bango. Mabati kubwa juu ya nguzo mbili, upande wa soko, na uso wa mheshimiwa imechorwa na meno yote. Lile bango lilikuwa kubwa kuliko tuta. Mvua ya kwanza ikakula matuta, maana walirudisha udongo tu, mawe hawakuweka. Mvua ya pili ikaangusha bango. Tukatoka na karai tena, sisi wale wale, safari hii na mawe makubwa kutoka kilimani, tukayaweka chini kabisa, udongo wa kichuguu juu. Hiyo haijaenda mahali.

Bango lilibaki limelala pale chini, limeangalia mbingu. Na omena inataka mahali pasafi pa kukaukia, kwa mchanga inashika chembe, wateja wanalalamika meno. Kwa hivyo sasa nyieka anaanika hapo. Mabati inashika jua vizuri, omena inakauka kabla ya saa sita. Ofisa alipita siku moja akaona meno ya mheshimiwa yakitokea katikati ya samaki, akasimamisha gari kusema hiyo ni madharau. Nyieka akamgeuzia ile sikio, akaendelea kugeuza omena yake.

Asubuhi hii nilimwangalia kutoka mlangoni. Alikuwa amegombana na mimi juu ya chumvi, akachukua beseni akashuka bila kuaga. Pikapu ikatokea kushoto, ikafika kwa tuta, ikapanda pole pole kama ng'ombe mwenye mimba, ikashuka, ikasimama. Dereva akapiga honi ndogo ya kumsalimia. Hakusikia. Alipita mbele yake, mkono imeshika beseni imara, wala hakuharakisha.