Mama Yupi?

Wenzake wa ofisi ya ustawi wa jamii walimpa jina la Bi Hodi, maana hata mlango ukiwa wazi haingii mpaka akaribishwe. Siku hiyo alibisha mara moja tu, akaingia. Hasira zilikuwa zimempanda kichwani.

Mwalimu alikuwa amepiga simu: mtoto wa darasa la kwanza ana alama za pasi mgongoni, na alipoulizwa alisema, "Mama kanichoma."

Mama mwenyewe huyu hapa chumbani mwake, amekaa kitandani na sare yake ya usafi wa hospitali, analia.

"Sijamchoma. Wala sikujua."

"Hukujua! Mgongo wa mwanao huuoni?"

Mama akainamisha kichwa. Huondoka mtoto amelala, hurudi mtoto amelala. Hata kumwogesha kamwachia mdogo wake.

"Mama gani wewe!" Bi Hodi akafoka.

Utaratibu ulikuwa mmoja: mtoto aondolewe leo leo, akae kwa ndugu wa karibu mpaka uchunguzi uishe. Na ndugu alikuwapo, chumba cha pili tu. Mama mdogo, mpole huyo, sauti ya asali, keshafungasha nguo za mtoto kwenye mfuko. Bi Hodi alimshukuru Mungu kwa kumpata.

"Haya, njoo kwa mama," mama mdogo akasema, akanyoosha mikono.

Mtoto, aliyekuwa amesimama pembeni, akaganda.

Bi Hodi akashtuka. Kwa mama? Lahaula! Hata kwake nyumbani watoto wa dada yake humwita mama, mama tupu, na yeye huitika. Akamshika mtoto mkono, akatoka naye kibarazani, akafunga mlango. Akachuchumaa.

"Mama aliyekuchoma, ni mama yupi?"

Mtoto akautazama mlango kwanza.

"Mama wa mchana," akanong'ona.

Bi Hodi aliporudi ndani na mtoto alimpokonya mama mdogo ule mfuko, akawapigia polisi simu mbele yake, wala hakumwondolea macho. Kisha akamgeukia mama.

"Nisamehe, mwenzangu. Kidogo nimpeleke kulekule."

Mama alikuwa amempakata mwanawe, mikono ikiukwepa mgongo.

"Mama," mtoto akauliza, "kesho mchana nitakaa na nani?"

"Na mimi," mama akasema. "Kazi ikifa, na ife."