Neno la Asubuhi la Bi Mahfoudha

Bi Mahfoudha, ninayemtunza hapa ughaibuni, mtaa wa Azaiba, ana wajukuu London wasiojua Kiswahili, maana wazazi wao waliona tabu kuwafundisha. Basi akaniomba mimi, Truphena, Mkenya wa watu, nimfundishe Kiingereza, neno moja kila asubuhi.

Jana lilikuwa "soften", yaani kulainisha. Nilichovya mkate mkavu kwenye chai, nikamwambia linatumika kwa mkate, kwa ngozi, hata kwa moyo wa mtu. Akaubonyeza mkate, akalirudia neno mpaka likamkaa mdomoni.

Mjukuu alipopiga simu, bibi akamweleza kwa Kiingereza anavyolainisha mkate wake. Mtoto akasema vizuri, kwaheri, akakata.

Bi Mahfoudha alibaki na simu sikioni.

"Truphena, mwanangu," akasema, "kesho nnataka neno la kumzuia mtu asikate simu."